Saadani si Serengeti yenye ufukwe

Matangazo mengi ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani yanatumia picha ya aina moja: tembo amesimama mchangani, nyuma yake mawimbi ya Bahari ya Hindi. Picha hiyo haisemi uongo. Tembo wapo, bahari ipo, na mara mojamoja wanyama hushuka kweli hadi ufukweni. Tatizo ni ahadi iliyojificha ndani yake. Mgeni aliyevutwa na picha ile huja kudai tembo wake, kisha anaondoka akisema pori zuri, bahari nzuri, ila wanyama wachache. Nimewasikia wageni wa nje wakisema hivyo, nimewasikia Watanzania wenzangu, na zaidi ya wote nimewasikia madereva wa utalii waliozoea kaskazini, ambao hifadhi isiyokupa simba kando ya barabara kabla ya saa nne asubuhi wanaiona kama haijafunguliwa.

Tunaipima Saadani kwa mizani ya kaskazini, na kwa mizani hiyo itashindwa kila siku. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Saadani ina kama 1,100, kuanzia maeneo ya Mto Wami upande wa kusini na kupanda kuelekea Pangani. Kule kuna mbuga tupu za nyasi fupi, jicho linafika mbali hadi linachoka. Huku kuna vichaka vya migunga, mikoche iliyosimama mmojammoja, nyasi zinazomzidi ngiri kimo, na mapito yanayopinda. Kuro anaweza kusimama hatua ishirini kutoka kwenye gari ukampita. Wanyama wa huku pia walizoea kuwindwa kwa vizazi, na wengi bado hawajaiamini sauti ya injini.

Lakini Saadani ina jambo ambalo Serengeti hailiwezi. Pori lake ni zao la historia ya watu, karibu kila ekari yake. Kulikuwa na bandari, kukawa na vita, kukawa na reli zilizopita kwingine, kukawa na ranchi ya ng'ombe, kukawa na mashamba ya chumvi. Kila kimoja kilipoanza au kilipokufa kilibadilisha ni mnyama gani anakaa wapi. Anayezungushwa Saadani kuonyeshwa wanyama bila kuelezwa hayo ameuziwa nusu ya bidhaa kwa bei kamili. Na wa kulaumiwa si mgeni. Ni sisi tunaoitangaza na kuiongoza.

Tuanze na bandari. Mtu anayeingia leo kijiji cha Saadani ataona nyumba za udongo na za matofali, minazi, ngalawa zilizoegeshwa, kamba wakianikwa juani, na masalio ya boma la Wajerumani yasiyo na mbwembwe yoyote. Ni vigumu kuamini kwamba katika karne ya 19 mahali hapa palikuwa mshindani wa Bagamoyo. Ng'ambo ya maji ni Unguja. Nyuma ya mji ni Uzigua na Unguu, na zaidi ya hapo njia ya misafara kuelekea Mpwapwa na Unyamwezi. Pembe za ndovu zilishukia hapa, sandarusi ilishukia hapa, na watu waliouzwa walishukia hapa pia. Njaa iliyoikumba Uzigua katika miaka ya 1830 iliwasukuma wengi mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani. Baadhi yao waliishia Somalia, ambako wajukuu zao waliendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu; walipokimbia vita vya Somalia, sehemu yao walirudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo wilayani Handeni na baadaye uraia. Kwa gari, Chogo si mbali na pwani hiyohiyo iliyowapoteza mababu zao. Sijawahi kumsikia mwongoza watalii akiligusa hili, ingawa ni miongoni mwa masimulizi mazito kuliko yote yanayoihusu pwani hii.

Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alitoka Saadani na ng'ombe wachache hadi Mpwapwa, akarudi akiwa na furaha. Aliamini amepata ufumbuzi: badala ya mamia ya wapagazi, mizigo ingevutwa na mikokoteni ya maksai kama ilivyofanyika kusini mwa Afrika. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa Church Missionary Society, mhandisi wa Kiskoti aliyekuwa njiani kwenda Buganda, alisimamia ufyekaji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, karibu kilomita 370. Kwa wakati ule na kwa zana zile, ilikuwa kazi ya ajabu. Ng'ombe wakafungwa nira, mikokoteni ikaingia njiani, na ng'ombe wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Mbung'o. Barabara ilikuwepo, mikokoteni ilikuwepo, na inzi mmoja mwenye ukubwa wa punje ya maharage akaufuta mradi wote. Misafara ikarudi kwenye mabega ya wapagazi.

Mkumbuke inzi huyo, maana ndiye mhusika mkuu wa habari hii.

Kisha ikaja vita. Waswahili wa pwani walipowainukia Wajerumani mwaka 1888, jina lililobaki vitabuni ni la Abushiri bin Salim wa Pangani. Saadani ilikuwa na wake, Bwana Heri, ambaye hata Sultani wa Unguja hakuwa na uhakika kama anamtawala au anamwomba. Juni 1889 manowari za Kijerumani ziliupiga mji wa Saadani kwa mizinga kutoka baharini. Bwana Heri hakusalimu amri. Alirudi nyuma bara, akajenga ngome za miti, akapigana. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea hadi Aprili 1890 ndipo akakubali masharti. Kwa maneno mengine, aliyeendelea kupigana miezi kadhaa baada ya Abushiri kunyongwa alikuwa mtu wa Saadani, na leo unaweza kulala siku mbili ndani ya hifadhi yenye jina la mji wake, ukaamka, ukaonyeshwa twiga, ukaondoka bila kumsikia.

Baada ya mizinga, kilichoiua Saadani ni mahesabu. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza 1893 na kufika Moshi 1911. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Ukitazama ramani, reli hizo mbili zinaiacha Saadani katikati, mkono mtupu. Msafara wa miguu haukuwa na sababu tena ya kushuka pwani ile. Juu ya hayo kulikuwa na sotoka iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, njaa, kodi na kazi za lazima. Wanahistoria waliochunguza Uzigua wanaeleza jambo ambalo wazee wa vijijini walikuwa wakilijua: watu wenyewe ndio waliokuwa wakimzuia mbung'o, kwa kulima, kuchoma vichaka kwa mpango na kulisha mifugo karibu na makazi. Watu walipopungua na nguvu zao kuvunjwa, kichaka kilirudi. Na kichaka kiliporudi, mbung'o alirudi nacho, na wanyamapori nyuma yake.

Kwa hiyo pori unaloliona leo si dunia ya kale iliyobaki kama Mungu alivyoiumba. Ni mahali watu walipoondolewa au kupungua, na mnyama akaingia. Kwangu mimi hilo haliipunguzii hifadhi thamani hata kidogo, lakini linabadilisha namna ya kuitazama, na linatosha kuondoa lile wazo kwamba urithi wa Saadani ni "kivutio cha ziada" kwa wageni ambao hawakubahatika kumwona simba.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko upande wa kaskazini, Mkwaja. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, ile ya mkonge wa Tanga, ilianzisha pale ranchi kubwa ya ng'ombe. Waliamini kile alichoamini Price, isipokuwa safari hii walikuwa na madawa. Kwa karibu nusu karne waliwachanja ng'ombe, wakawaogesha, wakapambana na mbung'o huku wadudu wakizoea dawa na gharama zikipanda. Migunga nayo ikaenea kwenye malisho kwa kasi kuliko ilivyoweza kufyekwa. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa, na ardhi yake ikawa sehemu kubwa ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ikiungana na pori la akiba lililokuwepo Saadani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Sasa nenda Mkwaja asubuhi, kabla jua halijakolea. Katikati ya migunga utakuta viwanja vya wazi, nyasi fupi, kijani kuliko kwingine, na juu yake ngiri wamepiga magoti wakila, kuro wamesimama pembeni, pengine na tohe. Dereva atasimamisha gari na kukwambia, "Hapa wanapenda sana kukaa." Kweli wanapenda. Lakini sababu ni kwamba sehemu kama hizo ndipo yalipokuwa mazizi. Ng'ombe walilazwa hapo usiku baada ya usiku kwa miaka, samadi ikarundikana, udongo ukapata rutuba ambayo nyika inayouzunguka haina, na nyasi zake mpaka leo ni tamu kuliko za jirani. Watafiti walioifanyia kazi Mkwaja baada ya ranchi kufungwa waliandika juu ya jambo hili kwa kina. Kuro unayempiga picha anakula urithi wa ng'ombe aliyeshindwa na mbung'o. Maelezo ya nusu dakika tu, na "wanyama wachache" wale wanakuwa jambo la kusimulia nyumbani.

Hali ni hiyohiyo kwenye chumvi. Heroe wanaovutia wapiga picha karibu na kijiji hukusanyika kwenye mabwawa ya chumvi, yaani maji ya bahari yaliyozuiwa na watu ili yakauke juani. Kuna wageni wanaoomba picha isiyoonyesha kingo za mabwawa, ili ionekane ni "asili". Siwalaumu, ila ninaona wamekosa picha iliyo bora.

Kama kuna sehemu ya hifadhi isiyohitaji maelezo mengi, ni mto. Mlango wa Wami unazungumza wenyewe, mradi uende na maji. Hapa ndipo waendeshaji wengi wanapokosea: wanapanga safari ya boti kwa saa ya ofisi badala ya saa ya bahari. Maji yakiwa yamekupwa, kingo za matope zinajianika, mamba wanatoka kuota jua, kaa wanahangaika kwenye mizizi, na viboko wanabanana kwenye vina vilivyobaki. Yakijaa, boti inaweza kuingia kwenye vijito ambako mikoko inakutana juu ya kichwa. Mtu wa Saadani atakutajia miti hiyo mmojammoja, mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi, na kila mmoja una kazi yake: boriti, dau, kuni, dawa, rangi ya nyavu. Furukombe anakaa kileleni. Ukipanda mto zaidi, chumvi inapungua, mikoko inaacha nafasi kwa mikoche na miti ya bara, na ndani ya saa moja umetoka baharini ukaingia Afrika ya kati bila kukanyaga ardhi. Hii ndiyo safari ambayo ningeiweka mbele kwenye kila tangazo, badala ya yule tembo.

Upande wa magharibi kuna msitu wa Zaraninge, mmoja wa mabaki ya misitu ya pwani, makao ya mbega na miti isiyopatikana sehemu nyingi duniani. Wanaoufika ni wachache. Ni msitu wa kutembea kwa miguu, na utalii wetu bado ni wa kukaa kwenye kiti.

Na kuna kasa. Ufukwe wa Madete ni mojawapo ya maeneo machache yaliyobaki Tanzania Bara ambako kasa wa kijani hupanda usiku kutaga. Jike huchimba shimo, hutaga mayai mia na zaidi, hulifukia, hurudi majini. Baada ya miezi miwili hivi vifaranga hutoka na kuufuata mwanga, kwa kuwa kwa asili penye mwanga usiku ni baharini. Taa moja ya hoteli iliyofungwa vibaya inatosha kuwageuza warudi nchi kavu, ambako wanasubiriwa na kaa, kunguru na jua. Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani ni onyo tosha la jinsi mazalia haya yalivyo dhaifu: kilikuwa na miti na kilisifika kwa kasa, kisha bahari ikakila, miti ikaanguka, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa sana hulifunika, hivyo mayai yanayotagwa pale hulazimika kuhamishiwa mahali pa usalama. Madete ikiharibika, sioni pa kuyahamishia.

Nimesema urithi, na wasomaji wengi watakuwa wanawaza magofu. Magofu yapo, ila sehemu kubwa ya urithi wa Saadani inatembea, inavua, inaswali na inalipa ada ya shule. Kijiji kimezungukwa na hifadhi. Watu wake walikuwa wakivua kamba kwenye maji haya kabla hakujawa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wala Tanganyika. Uhusiano wao na hifadhi haujawa mwepesi. Mgogoro wa Uvinje, kitongoji cha ufukweni ambacho wakazi wake wanasema ardhi yao iliingizwa ndani ya mipaka bila ridhaa yao, umeandikwa na kujadiliwa kwa miaka mingi. Hoja ya wanakijiji ni kwamba walilikubali pori la akiba miaka ile ya 1960 kwa makubaliano kuwa makazi yao ya pwani yataheshimiwa. Upande wa hifadhi nao una hoja zake: ujangili upo, ukataji wa mikoko upo, uvuvi wa baruti uliwahi kuitesa pwani yote hii, na kasa hawezi kwenda mahakamani.

Mimi naegemea upande wa wanakijiji, na sababu yangu ni ya kibiashara kama ilivyo ya haki. Hifadhi inayojinadi kwa urithi haiwezi kuwatazama wenye urithi kama wavamizi. Bila wao, masimulizi ya Bwana Heri yanabaki kwenye kumbukumbu za Kijerumani, majina ya mikoko yanabaki kwenye vitabu vya mimea, na kijiji kinabaki mahali pa kupita gari likienda lango la pili. Mgeni anayekula kamba wa Saadani waliopikwa na mwanamke wa Saadani kwa nazi, akalipa hapo hapo, ameacha fedha mahali ambapo ada ya getini haifiki kwa urahisi. Hilo halihitaji mradi wa wafadhili. Linahitaji ratiba ya watalii iwe na saa mbili za kijiji, na hifadhi isiwe na wasiwasi nazo.

Kuna atakayesema kazi ya TANAPA ni wanyama, na mambo ya kale yana idara yake. Huko tulishatoka. Idara ya Mambo ya Kale na TANAPA ziko chini ya wizara moja, ya Maliasili na Utalii, na wizara hiyohiyo ilishawakabidhi watu wa hifadhi na misitu maeneo ya kihistoria: magofu ya Kilwa yakaenda kwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na magofu ya Kaole pale Bagamoyo yakaenda kwa TFS, wakala wa misitu. Kama mtu wa misitu anaweza kusimama mbele ya msikiti wa karne ya 13 akaueleza, askari wa hifadhi wa Saadani anashindwa nini kumweleza Bwana Heri? Anashindwa kwa sababu hakufundishwa na haulizwi. Mafunzo ya waongozaji yanawadai majina ya ndege kwa Kiingereza na Kilatini. Hayawadai mwaka 1889.

Kinachonifanya niliseme jambo hili sasa ni barabara. Kwa miaka mingi Saadani ililindwa na ubaya wa njia. Udongo wake mweusi ukinyeshewa masika unageuka gundi, na kutoka Dar es Salaam watu wengi walizungukia Chalinze na Mandera, kisha vumbi hadi kijijini. Barabara ya lami ya Bagamoyo–Saadani–Pangani–Tanga, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, inaiondoa ngome hiyo. Mtu wa Tanga hatalazimika kuzungukia Segera kwenda Dar. Atapita pwani, na pwani ni Saadani.

Naiunga mkono barabara hiyo. Watu wa Mkwaja, Kipumbwi na Pangani wana haki ya kufika hospitali masika kama watu wengine, na Watanzania wenye gari dogo wana haki ya kuifikia hifadhi yao bila kukodi gari la magurudumu manne. Lakini tunayo Mikumi ya kujifunzia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata hifadhi ile kwa takribani kilomita 50, na mabango ya faini kwa kila aina ya mnyama anayegongwa hayakuwekwa pale kwa mapambo. Lami bila matuta, bila kikomo cha mwendo kinachosimamiwa usiku, bila kujua tembo wanavuka wapi wanapotoka na kuingia pori jirani la Wami-Mbiki, itageuza wanyama hao wachache kuwa wachache zaidi.

Hatari ya pili haina damu, na kwa hiyo itapita kimyakimya. Lami italeta mgeni wa kutwa. Atatoka Dar alfajiri, ataingia getini saa nne, wakati wanyama wanajificha, atazunguka kwenye joto, ataogelea, atapiga picha, atarudi jioni. Huyo ndiye atakayesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba Saadani haina kitu, na safari hii watakuwa maelfu wa kusema hivyo. Waliolipa ada ya saa 24 watatumia saa sita. Dawa yake si kumzuia. Mtu wa kutwa ni mteja halali. Dawa ni kumpa jambo linalotosha saa sita: boma lenye maelezo ukutani kwa Kiswahili kwanza, kijana wa kijijini aliyefunzwa kumtembeza kutoka boma hadi makaburi hadi kwenye ngalawa, kibao kimoja tu pale Mkwaja kinachosema "hapa palikuwa zizi", na boti inayoondoka kwa saa ya maji. Vitu hivyo havizidi gharama ya kukarabati lango moja. Ambaye ameyaona hayo ndiye atakayerudi kulala.

Kwa anayekwenda mwaka huu, bila kusubiri vibao: epuka Aprili na Mei. Juni hadi Oktoba nyasi zinapungua na wanyama wanasogea kwenye maji. Januari na Februari ni joto lakini njia zinapitika. Lala angalau usiku mbili. Kabla ya kulipia boti uliza maji yanakupwa saa ngapi, na asiyeweza kukujibu usipande naye. Kijijini, vaa kwa heshima, usipige watu picha kwanza ukaomba baadaye, na ukikuta mzee barazani mwamkie, kaa, muulize habari za zamani kabla ya kumuuliza habari za simba. Anzia safari Bagamoyo, uyaone Kaole, na uone pale misheni ambako mwili wa Livingstone ulifikishwa Februari 1874 ukiwa umebebwa na Waafrika kutoka katikati ya bara. Ukimaliza Saadani usigeuze gari kurudi Dar. Endelea kaskazini hadi Pangani, mji aliponyongwa Abushiri, na kutoka pale, bahari ikiwa tulivu, unaweza kuchukua boti kwenda Maziwe. Panga uwe kule maji yakiwa yamekupwa, la sivyo utafika ukikute kisiwa kiko chini ya maji.